Kofia Chini: Juu ya Mzaha wa Wanyama Tunaowafanyia Wageni Kazini

Maneno haya niliyasema Jumamosi hapa Arusha, mbele ya waongozaji watalii, madereva, wapishi wa kambi, walinzi na wafanyakazi wa miradi ya utafiti wa wanyamapori. Nayaweka yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa porini siku hiyo.

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Vijana, hamjambo? Na wageni wetu mliokaa safu ya nyuma na madaftari yenu, karibuni sana. Leo nazungumza habari zenu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Nianze na swali. Nani humu ukumbini hajawahi kumtania mgeni kwa mnyama? Nani hajawahi kumwambia Mzungu mpya, au Mjapani mpya, au hata Mtanzania mwenzetu aliyetoka mjini, kwamba kitu fulani kinauma na hakiumi, kinaruka na hakiruki, kinamfuata usiku na wala hakina habari naye? Anyoshe mkono.

Mnaona? Mikono yote iko mapajani. Na wa kwangu pia.

Basi nitoe wa kwangu kwanza. Miaka 11 iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi hapa mjini, alikuja mhasibu Mholanzi. Kijana mpole, mrefu, kila analoambiwa analiandika. Siku yake ya tatu, saa ya chai, mjusi kafiri akatokeza nyuma ya saa ya ukutani. Mnawajua wale: weupe, ngozi nyembamba mpaka unaona mayai tumboni, macho kama punje za pilipili manga. Akatembea darini akasimama sawasawa juu ya kichwa cha mgeni. Mgeni akauliza, "Yule ana madhara?" Mimi nilikuwa na sambusa mkononi. Nikamjibu bila kucheza uso: "Hana, ila asikuangukie. Akikuangukia usilale usiku huo, maana sumu yake humpata mtu usingizini." Dereva mmoja akadakia, "Na usioge." Mwingine akasema, "Na usile ndizi." Hakuna aliyepanga. Kila mtu alitia chake, kama watu waliozoea kuimba pamoja.

Kesho yake tukamkuta amesogeza meza yake katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne.

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Alipoambiwa ukweli alicheka kuliko sisi sote, na tangu siku hiyo akawa wetu. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea: mimi naupenda mzaha. Ofisi ile ilikuwa na watu wa mataifa sita. Wengine hawajui Kiswahili, wengine hatukijui Kifaransa, na Kiingereza kila mtu anakivuta kwa lafudhi ya kwao. Mjusi yule alitukutanisha kuliko semina yoyote tuliyowahi kupelekwa. Sikuja hapa kuwakataza kucheka. Nimekuja kuwaeleza kilichotokea miezi minne baadaye.

Tulishuka naye Rufiji, kambini kwetu upande wa Mloka, akahesabu mali za stoo. Kambi ile haina uzio. Jioni mzee wetu wa lindo alimketisha kando ya moto akamweleza kama anavyowaeleza wote: "Giza likiingia usitoke hemani bila mimi. Ukinihitaji, washa tochi mara tatu. Kiboko hutoka mtoni usiku kuja kula majani huku kwetu. Akikukuta umesimama kati yake na maji, hatazunguka. Atapita ulipo."

Mholanzi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akatabasamu, akakonyeza jicho, akauliza, "Kama mjusi?"

Ndugu zangu, maneno hayo mawili. "Kama mjusi?" Na mimi nilimjibu nini? Sikumjibu. Nilikuwa nimechoka na barabara, vumbi limejaa kooni, nikatabasamu tu. Tabasamu lile nalikumbuka mpaka leo.

Saa nne usiku alitoka na mswaki wake na tochi. Hema langu lilikuwa la pili kutoka lake. Nilichosikia kwanza ni majani yanang'olewa: sauti kama ya fundi anayechana kitenge, chrrr, kimya kidogo, tena chrrr. Kiboko ana midomo yenye upana wa karibu nusu mita. Hachagui jani, anakata nyasi kama anafyeka, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza kilo 40. Nikachungulia kwenye wavu wa dirisha. Mwanga wa tochi ya Mholanzi ulikuwa umeelekea chini, na katikati ya mwanga ule palikuwa na mguu. Mguu mnene kama kinu, wa kijivu, wenye vidole vinne vimetandazwa juu ya nyasi kama vya mtu aliyesimama kwenye tope. Kati ya mguu ule na ndala za Mholanzi hazikufika hatua 12. Na mto? Mto ulikuwa mgongoni kwake.

Mzee wa lindo hakupiga kelele. Alijitokeza kwa upande, amevua kofia yake, ameishika kifuani, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Usimmulike. Usikimbie. Njoo ubavu, ubavu, ubavu." Mholanzi hakukijua Kiswahili cha kutosha kuelewa yote, lakini alimwona mzee asiye na kofia, akauona uso wake, akaanza kusogea kwa ubavu. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya saba. Ndipo kiboko alipovuta pumzi kwa nguvu, akapita pale pale alipokuwa amesimama, akakata kamba mbili za hema, tukasikia maji yanapasuka. Mnyama yule ana tani nzima na zaidi, na nchi kavu hufikia mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mwenye ndala angempita kwa lipi?

Asubuhi mzee alikuja mezani, akakaa mbele yetu sote. Akasema, "Mimi nami natania. Lakini nikitania, kofia iko kichwani. Nikiivua, hapo mimi si mtani wako tena." Akaivaa, akaomba chai.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Kila mnyama wa uongo tunayemuumba saa ya chai anakula onyo la mnyama wa kweli. Anakula onyo la kiboko. Anakula onyo la koboko. Anakula onyo la tembo mwenye mtoto. Mwenyeji wa pori hana kitu kikubwa zaidi cha kumpa mgeni kuliko neno lake, na neno hilo tunalitumia hovyo kwa kununulia kicheko.

Mtu mmoja aliniambia, "Dada, mgeni mwenye akili anajua lipi la kweli na lipi la uongo." Je, anajua? Hebu tumsaidie kufikiri. Mambo ya kweli ya nchi hii, mkiyasikiliza kwa masikio ya mtu aliyeshuka ndege jana, yanafanana na uongo mtupu.

Mwambieni mgeni: kuna mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, tunamwita nairobi flai ingawa hata si nzi, ni jamii ya mbawakawa. Haumi, hadungi, wala hana haraka. Lakini akikutembelea shingoni usimponde, mpulize, au mpe karatasi apande. Ukimponda, maji ya mwili wake yanaunguza. Kesho au keshokutwa ngozi inatoa malengelenge, na ukijifikicha jicho kwa mkono ule ule, jicho linafura. Wenzetu wa Kenya wanazikumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, walivyojaa majumbani. Sasa nawauliza: "Mdudu asiyeuma, lakini ukimuua anakuunguza." Hiyo haifanani na hadithi ya dereva mchokozi?

Au mwambieni asivae bluu iliyokolea wala nyeusi akienda Tarangire, kwa sababu mbung'o wanaipenda. Atacheka. Lakini vile vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyoning'inizwa kwenye miti kule vimewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Vimetiwa dawa ili mbung'o wavifuate wafe. Ni kweli tupu, na ina sura ya uongo.

Kuna binti wa Kikanada aliyekuja kujifunza kazi kwetu. Siku ya kwanza madereva walimwambia kwamba huku fisi hupiga hodi mlangoni saa nane usiku, na usipomjibu "karibu" kwa heshima, anaondoka na viatu vyako. Viatu, kwa kweli, fisi huiba. Mnaojua kambi mnajua. Hodi ndiyo iliyotungwa. Binti alicheka, akaandika kwao, kila mtu akafurahi. Siku ya pili mama anayetufulia alimshika mkono akampeleka kwenye kamba ya nguo, akamweleza kwa ishara na Kiswahili cha taratibu kwamba nguo zote zipigwe pasi, zote, hata za ndani, hata soksi. Kwa nini? Kwa sababu kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, yai linaanguliwa humo humo, na kijibuu kikisikia joto la mwili kinaingia kwenye ngozi na kukaa humo kinanenepa. Binti alicheka kama alivyocheka jana. Alimkumbatia yule mama kwa furaha, kwamba hata yeye anajua kutania.

Hakupiga pasi.

Baada ya wiki chache akaja na jipu kiunoni, halafu la pili, halafu la tatu, kila moja na kitundu kidogo katikati. Mama yule yule alimlaza kifudifudi kwenye mkeka, akapaka vaselini juu ya kitundu kuziba pumzi, akasema, "Ngoja." Tukangoja. Vaselini ikatikisika. Kitu cheupe kikachungulia, kikarudi, kikachungulia tena kutafuta hewa. Mama akabana kwa vidole gumba viwili, taratibu, mpaka kikatoka chote kizima, chenye vijipete vyeusi vya miiba. Binti alikuwa analia, na hakulia kwa maumivu. Alisema, "Aliniambia. Aliniambia nikacheka."

Nani alimkosea binti yule? Mama wa pasi? Hapana. Ni sisi tuliomfundisha siku ya kwanza kwamba wenyeji wakisema jambo la ajabu, mgeni anatakiwa kucheka.

Wala msidhani mzaha huu ni wetu peke yetu. Waaustralia wametushinda mbali. Wao wamemtunga mnyama mzima, dubu mdondokaji. Wanamweleza mgeni kwamba anafanana na koala, yule mnyama wao mpole anayekula majani ya mkalitusi, lakini huyu ni mkubwa, anakula nyama, anakaa juu ya mti akikungoja upite ili akudondokee. Makumbusho ya Australia, kule Sydney, yamemwekea ukurasa wake pamoja na wanyama wengine, na jina la kisayansi la kutungwa, Thylarctos plummetus. Na kinga yake ni kujipaka Vegemite nyuma ya masikio, lile dongo jeusi la hamira na chumvi wanalopaka kwenye mkate.

Mwenzetu mmoja Mwaustralia alikuwa amekaa nasi miaka mitatu, na tulimtesa kwa tandu na jongoo mpaka akazoea. Ikaja zamu yake. Dereva wetu mmoja, mtu makini sana, baba wa watoto wanne, alipelekwa mafunzo ya mwezi mmoja kule kaskazini mwa Queensland. Mwaustralia akamwandaa kwa dubu. Akamwandaa vizuri, kwa picha na kwa uso mkavu. Ndugu yetu akatembea siku tatu chini ya mikalitusi ya Townsville amepaka Vegemite nyuma ya masikio yote mawili, na darasa zima likijua.

Alipojua ukweli alicheka, kama Mholanzi wetu alivyocheka. Halafu Jumapili wakaenda ufukweni. Mchangani akaona nguzo, na ndani ya nguzo chupa ya siki. Siki! Kibao cha onyo kando yake. Watoto wanaoga wamevaa nguo za kubana kutoka shingoni hadi vifundoni. Yeye akasema moyoni, "Hawa hawachoki. Leo wameweka hadi kachumbari." Akavua shati, akaelekea majini. Mama mmoja mzee, asiyemjua, akamkimbilia akamshika mkono.

Kumbe siki ile ni ya kweli. Maji ya pwani ile, tangu Novemba hadi Mei hivi, yana yavuyavu wa hatari, laini kama uji wa wanga, wasioonekana kwa urahisi, wenye mikia mirefu. Mmoja wao anaweza kumuua mtu mzima kwa dakika chache. Siki humwagiwa juu ya mikia iliyonata mwilini ili ile sumu ambayo bado haijafyatuka isifyatuke. Na kibao cha mto wa jirani kinachosema kuna mamba nacho ni cha kweli. Mamba wa maji ya chumvi wapo kule.

Ndugu yetu, mzaliwa wa Ziwa Victoria, mtu aliyekua akijua mamba kuliko wengi wetu humu, nusura aingie kwenye mauti akitabasamu, kwa sababu ya dubu asiyekuwepo. Mnaona jinsi linavyofanya kazi? Ni ugonjwa ule ule wa "Kama mjusi?"

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, na naomba vijana mnisikilize hapa hasa.

Miaka kadhaa baadaye tulipokea wanafunzi kutoka Ujerumani, kambini kule kule Rufiji. Kijana mmoja wetu alifunga spika ndogo nyuma ya mahema, na saa tano usiku akacheza ngurumo ya simba kutoka kwenye simu. Kelele zilizotoka mahemani! Kisha vicheko, kisha kukimbizana na matochi. Mimi nilikuwa jikoni na mpishi wetu, mtu wa Rufiji hasa, akikanda unga wa chapati za asubuhi. Ngurumo ya kwanza ilipotoka, mikono yake ilisimama ndani ya unga. Haikutetemeka. Ilisimama. Wenzake walipoanza kucheka aliitoa, akaifuta kwenye aproni kidole kimoja kimoja, akaingia stoo, akafunga mlango.

Nikamfuata. Akaniambia sentensi moja: "Dada, kaka yangu alikuwa juu ya dungu."

Wengi wenu mnajua dungu ni nini. Kwa wageni wetu: ni kichanja cha miti na nyasi shambani, mkulima hulala juu yake msimu wa mazao akiwafukuza nguruwe pori. Nguruwe huja kula mahindi, na simba huja kula nguruwe. Pale pale penye nguruwe na simba ndipo amelala mtu, na kati yake na pori pana matete tu. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2005 walipata Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, na zaidi ya 308 waliojeruhiwa, wengi wao kusini na pwani: Lindi, Mtwara, Rufiji. Kati ya 2002 na Aprili 2004, Rufiji peke yake, simba mmoja alihesabiwa watu zaidi ya 30. Askari wa wanyamapori walipomuua walimkuta ana jipu kubwa chini ya jino.

Kaka wa mpishi wetu yumo kwenye miaka hiyo. Sikumuuliza zaidi ya alichotaka kusema. Tulikaa stoo juu ya magunia ya mchele, yeye na mimi, mpaka vicheko nje vikaisha. Kisha akarudi akamalizia unga wake, kwa sababu asubuhi watu watakula.

Kwa mwanafunzi wa Ujerumani ngurumo ile ilikuwa hadithi ya kupeleka nyumbani. Kwa kijana wetu mwenye spika ilikuwa sifa ya wiki. Na kwa aliyekuwa anawapikia wote wawili ilikuwa usiku ule ule umerudi. Je, tulimuuliza? Je, kuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza ni nani mwingine anasikia mzaha huu? Tunapopanga mizaha hii tunamtazama mgeni tu. Tunasahau kwamba mwenyeji naye yupo, na mnyama yule ni jirani yake.

Na nyoka ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Makadirio yao ni watu kati ya 81,000 na 138,000 wanaokufa kila mwaka duniani. Hawa si watalii. Ni wakulima, wafugaji, na watoto waliotumwa kuni. Ukimrushia mwenzako nyoka wa plastiki mezani, tazama kwanza mama anayefagia amesimama wapi, na kijijini kwao wamemzika nani.

Kijana wa spika alimwomba radhi mpishi siku ya pili, mbele yetu. Alifanya vizuri, na wamekuwa marafiki. Kwa hiyo simlaumu hapa; nawaonya ninyi mnaotaka kununua spika.

Mtaniuliza: basi tufanye nini, tukae kama tumo mahakamani? Hapana. Sisi tumerithi kitu ambacho mataifa mengi hayana. Tumerithi utani.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Watani wangu ni Wahehe. Babu zetu walipigana karne ya 19, wakauana kwelikweli, na kutoka katika vita vile ukazaliwa utani. Baba yangu alipofariki, Mhehe mmoja alikuja msibani, akaingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema, "Mngoni huyu ana deni langu la mbuzi, hazikwi mtu hapa." Mama yangu, katikati ya kilio, akacheka. Tulimlipa mtani elfu tano na jogoo, ndipo akatoka. Lakini nani alichimba kaburi lile? Ni yeye. Alichimba tangu alfajiri na shati limemganda mgongoni.

Tazameni utani ule ulivyojengwa. Mtani anajua kwamba yeye ni mtani. Hakuna anayetaniwa gizani. Mtani ana haki ya kujibu, na akijibu hukasiriki hata akikuvua nguo mbele ya wakwe. Na mtani akikutania leo, kesho yako ya shida ni yake. Yule anayekulalia kaburini ndiye huyo huyo anayekuchimbia.

Sasa mgeni wa siku ya tatu, ambaye hajui neno "mtani," hajui kama anataniwa, hana mnyama wa kukurudishia, na kesho akiumwa wewe utakuwa umeenda likizo, huyo unamtania kwa mkataba gani? Hujamtania huyo. Umemdanganya.

Mfanyeni mtani kwanza. Mwelezeni siku ile ile ya kwanza, kwa lugha anayoielewa: hapa kwetu watu hutaniana, wewe nawe utataniwa, na una ruhusa ya kulipiza. Mwaustralia wetu tulimweleza hivyo, ndiyo maana aliweza kutuletea dubu. Mpeni mjusi, mpeni kinyonga, mpeni hodi ya fisi, na jioni hiyo hiyo mfungulieni ukweli. Usiku usiingie naye akiwa na uongo wetu kichwani. Na mkimpa kinyonga, mwonesheni pia kwamba hana sumu wala laana, maana vinyonga wetu wanapigwa mawe na wenyeji vya kutosha.

Halafu muwe na kofia.

Ofisini kwetu tuliifanya kanuni tangu asubuhi ile ya Rufiji. Anayetoa onyo la kweli anavua kofia. Asiye na kofia anaweka mkono wa kulia kichwani. Tunaiita "kofia chini." Kofia ikiwa chini hakuna anayedakia, hakuna anayeongeza ndizi, hakuna anayekonyeza. Mgeni anafundishwa hili kabla hajaoneshwa choo kiko wapi. Na kuna adhabu moja tu nzito kuliko zote kwetu: ukivua kofia kwa mzaha, hutaniwi tena na mtu yeyote kwa mwezi mzima. Kijana mmoja aliipata, akasema mwezi ule ulikuwa mrefu kama mfungo wa peke yake.

Wengine wamenicheka kwa kanuni hii. Nawaambia, njooni kambini mwone.

Mwaka huu mwezi wa tatu, mvua zimeanza, nyasi zimefika magotini, tulimpokea mtunza stoo mpya kutoka Dar es Salaam. Kijana wa Temeke, hajawahi kulala hemani. Mholanzi wetu alikuwepo pia. Ameshakuwa mzee kidogo, ndevu zina mvi, Kiswahili chake ni cha kugombania bei sokoni. Walikuwa wanatoka stoo kwenda mezani, mimi nyuma yao kama hatua 10. Mholanzi alikuwa akimsimulia habari za mjusi, kijana anacheka, wanatembea.

Kisha Mholanzi akasimama. Mkono wake ukapanda taratibu, ukavua kofia.

Mimi niliona majani makavu njiani, basi. Nikatazama tena. Majani yale yalikuwa na mistari iliyopinda kama mishale, mmoja nyuma ya mwingine, kahawia na njano, na yalikuwa manene kama mkono wa mtu. Moma, wengine mnamwita kifutu. Nyoka wengi husikia kishindo cha mtu wakajiondokea. Moma hulala pale pale akitegemea rangi yake, ndiyo maana wanaomkanyaga ni wengi. Alivuta pumzi akavimba, akaitoa, sauti kama tairi linalopoteza upepo.

Kijana wa Temeke alikuwa bado na kicheko cha mjusi mdomoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa hewani. Akaitazama kofia mkononi mwa Mholanzi, akarudisha mguu nyuma.

Asanteni kwa kunisikiliza.